Mashine Mpya kwa Boti Kuukuu: Mwongozo Kamili wa Kuchagua Kabla Hujatoa Pesa

Msimu huu pekee nimeitwa dikoni, pale boti zinapoegeshwa, mara nne kutazama mashine "mbovu" ambazo hazikuwa na ubovu wowote. Mashine mpya, nailoni ya dukani bado iko kwenye mpini, na boti haiendi. Moja inanyonya hewa. Nyingine imekalisha tezi, yaani ubao wa nyuma ya chombo, mpaka inakunywa maji. Ya tatu inamaliza dumu la lita 20 kabla nahodha hajafika mwambani. Kosa ni lile lile: mwenye chombo kapima mfuko wake, hakupima chombo chake.

Mwongozo huu ni wa mwenye boti ya mbao au fiba ya mita 6 hadi 9 ambayo imekula chumvi miaka mingi, na mashine yake ya zamani imekufa au inakaribia. Fuata hatua kwa mpangilio. Utaona duka linakuja kwenye hatua ya nane. Sikukosea kuhesabu.

## Vitu vya kuandaa

- Futi ya chuma ya mita 5, penseli na daftari
- Nyundo ndogo na bisibisi kuukuu yenye ncha
- Drili yenye ncha ya milimita 6
- Mifuko minne mitupu ya saruji na mchanga wa kuijaza
- Simu yenye programu ya kupima mwendo kwa GPS
- Pipa la lita 200 lililokatwa mdomo
- Spana ya plagi na kipima kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda), ikiwa unanunua iliyotumika
- Watu wawili wa kukusaidia, mmoja wao awe fundi wa vyombo na si fundi wa mashine tu

## Hatua ya 1: Andika kazi ya chombo

Ukurasa mmoja unatosha. Mnaenda watu wangapi? Barafu kilo ngapi, nyavu kilo ngapi, siku nzuri mnarudi na samaki kiasi gani? Safari ni saa ngapi kwenda na kurudi? Je, mnatoka kipindi cha kusi kali, au boti hupandishwa pwani mpaka upepo utulie?

Andika siku ya kawaida, usiandike ile siku moja mliyorudi na jodari mpaka wa kukalia. Mashine inanunuliwa kwa siku 200 za kawaida.

## Hatua ya 2: Chunguza tezi

Hapa ndipo wengi wanaruka, na hapa ndipo nitakaa kidogo.

Mashine haibebwi na boti nzima. Inabebwa na ubao mmoja wa nyuma. Propela inasukuma kwa chini, vishikizo vimebana kwa juu, na ubao uko katikati kama mtu anayepinda mti gotini. Tezi iliyovumilia mashine ya zamani iliyochoka haina maana itavumilia mpya.

Kwanza, gonga kwa nyundo ndogo, kila upana wa viganja viwili, ndani na nje. Mbao nzima inajibu kwa sauti kavu, *ko, ko*. Iliyooza inajibu *bu*, kama kugonga papai. Zungushia penseli kila sehemu yenye *bu*.

Pili, choma kwa bisibisi kwenye kona za chini, mahali tezi inapokutana na mbavu na mkuku, ule uti wa mgongo wa chini ya chombo. Maji ya ngama, yanayotuama sakafuni mwa chombo, hulala hapo. Ncha ikizama bila nguvu, umepata jibu.

Tatu, ikiwa boti ni ya fiba, usidanganywe na ngozi yake inayong'aa. Ndani ya tezi ya fiba mara nyingi kuna mbao au plaiwudi, na maji huingia kupitia matundu ya bolti za zamani. Toboa tundu dogo la milimita 6 kutoka ndani, chini ya mstari wa bolti, kisha tazama unga unaotoka. Unga mkavu wenye rangi ya mbao ni habari njema. Unga mweusi, wenye unyevu, unaonuka kama gunia lililosahauliwa mvuani, maana yake moyo wa tezi umekwisha. Ziba tundu kwa epoksi siku hiyo hiyo.

Nne, kama mashine ya zamani bado imefungwa, shika mguu wake uusukume mbele na nyuma kwa nguvu. Mwenzako aweke kidole kwenye kiungo cha tezi na ubavu. Akihisi kiungo kinapumua, acha habari za mashine, tafuta fundi wa vyombo.

Tahadhari: usifunike mbao iliyooza kwa bamba la alumini ukasema umeimarisha. Bamba linaficha uozo na kuushikia maji. Nimeshaona mashine ikining'inia kwa mnyororo tu, bamba lake zuri likiwa limeondoka nalo kipande cha tezi.

Dalili ya mafanikio: sauti kavu tezi nzima, bisibisi haizami, kiungo hakichezi, na unene ni wa sentimita 4 hadi 6 ili vishikizo vya mashine viume sawasawa.

## Hatua ya 3: Pima kimo cha tezi

Mashine za boti huja na miguu ya urefu tofauti. Mfupi ni wa inchi 15, sawa na sentimita 38. Mrefu ni inchi 20, sentimita 51. Upo na wa inchi 25, sentimita 64. Mashine mbili zinaweza kulingana kwa jina, rangi na nguvu, zikapishana mguu tu.

Simama katikati ya tezi. Pima kutoka ukingo wa juu, pale kishikizo kitakapokaa, kushuka hadi usawa wa chini wa mbao za tumbo la chombo. Usipime hadi chini ya mkuku. Ukipata karibu 38, unahitaji mguu mfupi. Ukipata karibu 51, mrefu. Ukipata 45, usikisie: tezi inaongezwa kipande cha mbao ngumu juu ifike 51, na fundi mzuri anaimaliza kazi hiyo kwa siku moja.

Usikubali kushauriwa ukate tezi ili mguu mfupi utoshe. Ukingo ule ndio unaozuia wimbi la nyuma lisiingie chomboni mnaporudi na upepo wa kusi.

Kosa hili nimelifanya mwenyewe. Tezi ya mashua yetu ilikuwa na sentimita 51, nami nikanunua mguu mfupi kwa sababu ndio uliokuwepo na bei ilikuwa tamu. Ndani ya ghuba ilikwenda vizuri, nikapunga mkono. Tulipovuka mwamba, kila wimbi likiinua tezi mashine ilipiga ukelele, chombo kikasimama, tezi ikishuka kikaanza tena. Baba mdogo alikuwa omo, mbele ya chombo, hakugeuka hata kunitazama. "Mwanangu," akasema, "mashine yako inavua hewa. Samaki wako chini." Tulirudi kwa tanga.

Mguu mrefu kupita kiasi nao una adabu zake: unakokota maji, unagonga mwamba maji yakikupwa, na unarusha maji mpaka kwenye kichwa cha mashine.

Jambo moja la boti za mbao ambalo muuza duka hatakwambia. Kama mkuku unaendelea mnene mpaka mwisho wa tezi, propela inapata maji yaliyopasuka na kujaa mapovu, hata mguu ukiwa sahihi. Mwombe fundi auchonge mkuku upungue taratibu kuelekea tezi. Usichonge mwenyewe kwa shoka.

Mwenye dau au ngalawa, ambazo zimechongoka nyuma, hana tezi bapa ya kufungia. Yeye hupima kishikizo cha ubavuni kwa njia hiyo hiyo, kutoka ukingo wa kishikizo hadi usawa wa tumbo la chombo.

## Hatua ya 4: Jua mwendo wa juu wa chombo chako

Chombo kizito cha mbao hakipandi juu ya maji, kinayasukuma. Na chombo kinachosukuma maji kina kikomo kinachotokana na urefu wake, si nguvu ya mashine. Kikifika pale, kinakaa ndani ya wimbi lake chenyewe: omo inapanda, tezi inazama, mafuta yanateketea, mwendo hauongezeki.

Hesabu yake ni nyepesi. Pima urefu wa chombo kwenye usawa wa maji, kwa mita. Tafuta kipeo chake cha pili kwa kikokotoo cha simu, kisha zidisha kwa 4.5. Jibu ni kilomita kwa saa.

Mashua yenye mita 7 majini inapata karibu kilomita 12 kwa saa. Yenye mita 9 inapata 13 na nusu. Weka mashine ya nguvu za farasi 15, weka ya 40, namba hiyo haibadiliki kwa maana.

Kama mashine ya zamani bado inawaka, thibitisha kwa simu. Fungua mafuta kidogo kidogo. Pale mwendo unapogoma na mkia wa maji nyuma unaanza kuwa mrefu, hapo ndipo kikomo.

Fiba nyepesi yenye tumbo bapa ni habari nyingine. Hiyo inaweza kupanda na kuteleza, lakini kwa sharti la uzito. Hesabu kilo 20 kwa kila farasi, pamoja na chombo, watu na mzigo. Mashine ya 40 basi inapandisha kilo 800 tu. Ndiyo maana fiba nyingi huondoka zikiteleza asubuhi, na jioni zinarudi zikijikokota na samaki, huku nahodha akiwa kafungua mafuta yote kwa hasira. Ikiwa hivyo ndivyo kazi yenu, ihesabu fiba yako kama mashua nzito.

## Hatua ya 5: Chagua idadi ya farasi

Kwa chombo kizito mimi hutumia farasi 4 hadi 5 kwa kila tani ya uzito wote. Mashua ya mita 7 ikiwa tupu ina takriban tani moja, na mbao kuukuu imekunywa maji, haina tena uzito wa siku iliposhushwa. Ongeza watu watano, barafu, nyavu, mafuta na samaki, utafika tani 2 au zaidi kidogo. Mara 5 ni farasi 10 au 11. Mashine ya 15 inaifanya kazi hiyo na inabakiwa na pumzi ya kupambana na upepo wa mbele.

Najua jirani yako ana 40. Basi tazama dumu lake. Mashine ya 40 ya kuchanganya oili ikifunguliwa kabisa inameza karibu lita 20 kwa saa. Ya 15 inameza lita 6 hadi 7. Kwa mashua ile ile ya mita 7, jirani akifungua yote atakuacha kwa umbali wa kupiga kelele tu.

Upande wa pili, usishuke mno. Mashine ndogo inayofunguliwa mpaka mwisho kutwa nzima inakufa mapema. Chagua ile itakayofikia mwendo wa chombo chako ikiwa imefunguliwa robo tatu.

## Hatua ya 6: Ipime tezi kwa mchanga

Mashine ya 15 ya kuchanganya oili ina kilo 36 hadi 40. Ya 15 isiyochanganya ina karibu 50. Ya 40 ya kuchanganya ina 70 hadi 80, na ya 40 isiyochanganya inakaribia kilo 100 au kupita. Zamani boti nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya ile nyepesi.

1. Chombo kikiwa majini, na watu na mzigo wa kawaida, chora mstari wa penseli mahali maji yanapogusa tezi.
2. Ondoa mashine ya zamani. Jaza mchanga kwenye mifuko ya saruji mpaka uzito ulingane na mashine unayoitaka. Mfuko wa saruji wa kilo 50 ukijaa mchanga unapita kilo 50. Mchanga ni mzito zaidi, kwa hiyo tumia mizani ya muuza samaki.
3. Ilaze mifuko juu kabisa, ukingoni mwa tezi, na ifungwe kwa kamba isianguke.
4. Mtu mmoja aketi nyuma kama nahodha. Chora mstari wa pili.

Dalili ya mafanikio: kutoka mstari wa pili hadi ukingo wa tezi kunabaki shibiri moja kamili au zaidi. Pungufu ya hapo, mashine hiyo ni nzito, hata kama kila hesabu nyingine imekubali. Unaweza kusogeza barafu na tangi la mafuta kuelekea omo ukapima upya kabla ya kuikataa.

## Hatua ya 7: Tustroku au fostroku

Mashine ya kuchanganya oili na petroli, ambayo mafundi huiita tustroku, ni nyepesi, ina vipande vichache, na kila diko lina mtu anayeweza kuifungua. Inakula mafuta zaidi na inatoa moshi.

Fostroku ina oili yake mbali, kama ya gari. Inakula mafuta pungufu na haipigi kelele sana. Lakini oili yake lazima ibadilishwe: baada ya saa 20 za kwanza, kisha kila saa 100.

Wengi hulinganisha mafuta na bei wakaishia hapo. Mimi huuliza swali jingine: usiku mashine inalala wapi? Sehemu nyingi za pwani yetu, na hata kwenye mialo ya Ziwa Viktoria, mashine hufunguliwa kila jioni ikabebwa begani mpaka nyumbani kwa kuogopa wezi. Fostroku haitaki hivyo. Ukiilaza upande usio wake oili inaingia kwenye silinda, asubuhi haiwaki, au inawaka na moshi wa kutisha. Ubavu unaoruhusiwa umeandikwa kwenye kitabu chake, mara nyingi hata kwenye mwili wa mashine. Halafu kuna kilo 50 badala ya 36, kwenye mchanga mlaini, baada ya usiku wa kuvua.

Kama boti inalala bandarini penye mlinzi na safari ni ndefu, fostroku inarudisha pesa yake. Kama inabebwa na kijana mmoja kila jioni, chukua tustroku. Na kama mji wako hauna fundi wala duka la vipuri vya fostroku, mjadala umekwisha.

## Hatua ya 8: Nenda dukani

Sasa una karatasi yenye urefu wa mguu, farasi, uzito wa juu kabisa na aina. Nenda nayo. Ukiambiwa "hii nayo inafaa tu", ionyeshe karatasi.

Ikiwa ni mpya: soma namba kwenye kibati cha mashine, iwe sawa na ile ya risiti na ya karatasi ya dhamana, herufi kwa herufi. Soma jina la kampuni polepole. Zipo zinazofanana na jina kubwa kwa kila kitu ila herufi moja. Ulizia hapo hapo bei ya impela (gurudumu la pampu ya maji), plagi na propela ya akiba. Kama havipo kwenye kabati lao, mashine hiyo itakulaza njaa siku ya kwanza ya ubovu.

Ikiwa imetumika: fanya yafuatayo, na ukikatazwa hata moja, ondoka.

1. Namba ya mashine isiwe imekwanguliwa. Iliyokwanguliwa ni ya mtu mwingine.
2. Fungua skrubu ya chini ya giaboksi, itoke oili kidogo. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia.
3. Toa plagi zote, pima kompresheni ya kila silinda. Namba zisipishane kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Silinda moja dhaifu ni mbaya kuliko zote kuwa dhaifu kiasi.
4. Iwashe ndani ya pipa la maji kwa dakika 10. Lazima ikojoe: mchirizi wa maji utoke kwa nguvu nyuma muda wote. Ushike. Uwe wa vuguvugu, usiunguze.
5. Iwashe ikiwa baridi. Muuzaji aliyeipasha moto kabla hujafika anaficha jambo.

## Hatua ya 9: Kufunga, na propela

Iweke katikati kabisa ya tezi. Bamba la mlalo lililo juu ya propela liwe sawa na tumbo la chombo au sentimita 1 hadi 3 chini yake. Kaza vishikizo, kisha pitisha bolti za chuma kisichoshika kutu. Paka silanti ya baharini, ile gundi ya kuzuia maji, ndani ya kila tundu kabla ya bolti kupita. Tundu lisilozibwa ndilo lililooza tezi ya zamani. Funga na mnyororo wa usalama.

Propela ina namba mbili kwa inchi, kwa mfano 9¼ na 9. Ya kwanza ni upana wake. Ya pili ni hatua yake, yaani ingesonga kiasi gani kwa mzunguko mmoja kama skrubu kwenye mbao. Mashine za dukani mara nyingi huja na propela ya boti nyepesi. Kwenye mashua nzito mashine inalemewa, inaunguruma kwa uchovu na haifiki mizunguko yake.

Pakia chombo, fungua mafuta yote kwa dakika moja, soma kipima mizunguko. Linganisha na kitabu. Mashine nyingi za 15 za tustroku zinataka 4,500 hadi 5,500 kwa dakika. Pungufu ya hapo, shuka hatua ya propela. Kila inchi moja unayoshuka huongeza mizunguko kama 200.

Dalili ya mafanikio: mizunguko iko ndani ya kipimo cha kitabu, hainyonyi hewa unapokata kona, na omo haijapanda ukashindwa kuona mbele.

## Hatua ya 10: Saa 10 za mwanzo

Kwa tustroku mpya, changanya oili maradufu: mililita 800 kwenye dumu la lita 20, kisha 400 baada ya saa 10, isipokuwa kitabu chake kimesema vingine. Iwe oili ya mashine za boti yenye alama TC-W3. Oili ya pikipiki imeua pistoni nyingi kuliko mwamba.

Saa ya kwanza usifungue mafuta zaidi ya nusu. Saa ya pili, robo tatu. Baada ya hapo fungua yote kwa dakika chache tu kila mara mpaka saa 10 zitimie. Kamba ya kuzimia mashine iwe mkononi au kiunoni mwa nahodha tangu safari ya kwanza.

Zikitimia, kaza bolti upya, maana mbao imejibana. Pitisha kidole ndani ya tezi chini ya kila bolti: penye unyevu, toa bolti na uizibe tena. Kisha fungua skrubu ya giaboksi na utazame oili. Ikiwa ya maziwa, iondoe mashine kwenye tezi siku hiyo hiyo uirudishe dukani, pamoja na risiti na ile karatasi ya dhamana.